Kofia Inayobana

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ngazi ya pili ya baraza, Nivia alimsomea baba yake kofia.

Don Eudoro hakuwa akiona tena, mwaka wa sita huu. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha ngozi, kikombe cha kahawa mapajani, uso ameuelekeza barabarani. Binti yake alinyunyizia maji ukili wa siku hiyo ili usikatike vidoleni, na huku akinyunyizia alimwambia nani anapita na amevaaje.

"Wa kwanza," alisema mzee.

"Don Toribio. Ukingo wa kofia juu mbele, juu nyuma."

"Ameuza ng'ombe huyo."

"Huenda."

"Mtu hainui pande zote mbili bure. Ameuza ng'ombe, au mkwewe aliyekuja Krismasi hatimaye ameondoka. Mwingine?"

"Kijana wa Belisario. Ameinua mbele tu."

"Aha! Anatafuta mchumba."

"Anatafuta basi la Penonomé, baba. Anakimbia."

Mzee alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Nivia akachukua kitambaa, akainama kumfuta, na alipoinama mgongo ulimlia kama kiti kikuukuu. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Usiku alikuwa ameamka mara tatu kumpeleka mzee msalani, na tangu alfajiri alikuwa amekwisha chemsha nyuzi, kusaga mahindi na kufagia vumbi ambalo upepo wa kiangazi ungelirudisha kabla ya saa nne. Hakulalamika. Alikuwa amechoka kiasi cha kusahau kuwa amechoka.

"Mwingine?" aliuliza mzee.

Nivia hakujibu.

"Kimya hicho kimevaaje?"

"Hakikuvaa kitu, baba," alisema Nivia polepole, akiuweka ukili chini. "Kiko kichwa wazi."

Langoni kwao, chini ya mti wa guayacán uliokuwa umepukutisha majani yote na kubaki na maua ya njano, Donya Elidia alikuwa akiingia huku amemshika mdogo wake kwa mkono wa shati, kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Mdogo wake huyo alikuwa mrefu kuliko lango. Jina lake Isauro. Kiangazi mabomba ya vijiji vya milimani yalipokauka, ndiye aliyewapelekea watu maji kwa lori, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka jua lizame, na vumbi la milima ile lilikuwa limekaa kwenye kope zake.

"Hodi humu!" aliita Donya Elidia. "Don Eudoro, umeamkaje, mzee wangu? Usisimame. Nivia, mwanangu, nimekuletea kichwa. Kipime. Na safari hii kipime kwa macho yote mawili."

"Karibuni. Kaeni, nilete kahawa."

"Kahawa baadaye. Njoo uone kwanza." Alimvuta mdogo wake mpaka akainama, akamfunua nywele za kwenye paji. Mstari mwekundu ulipita pale, kutoka sikio hadi sikio. "Unauona mfereji huu? Mtu wa miaka thelathini na tisa ana alama kichwani kama ndama aliyepigwa chapa! Kila kofia unayomshonea inambana. Kila moja!"

"Dada," alisema Isauro kwa sauti ya chini.

"Dada nini? Nasema uongo? Anazo tano nyumbani, zimening'inia misumarini kama popo, na zote tano zinambana."

Nivia aliinua macho. "Tano?"

"Tano. Nimezipangusa vumbi mwenyewe jana."

"Lakini ile ya kwanza... aliniambia ililiwa na farasi."

"Farasi gani? Huyu ana farasi? Huyu ana lori."

Isauro alikuwa ameanza kuchunguza kucha zake kwa makini makubwa. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko ule mstari. Ya kwanza ililiwa na farasi. Ya pili ilipeperushwa na upepo darajani. Ya tatu alimwazima binamu aliyehamia Veraguas na hakurudi. Nivia alizikumbuka sababu zote, moja kwa kila kiangazi, na namna alivyozitoa akiwa amesimama palepale, akitazama kila kitu isipokuwa yeye. Kofia nzuri ya La Pintada humdumu mtu miaka kumi na tano. Mtu mwenye akili timamu hanunui tano.

Moyo wake, uliokuwa umelala kama paka juani, ulinyanyua kichwa.

"Sasa sikiliza," aliendelea Donya Elidia, akijipepea kwa pepeo ya mkono iliyofumwa. "Hii ya sita isiwe na mchezo. Jumamosi ijayo tunakwenda Antón, kwa wazazi wa mwalimu Oderay. Unamjua? Mrefu, mpole, anafundisha hesabu. Tunakwenda kumposea huyu bwana kabla kichwa chake hakijajaa mvi."

Moyo ule ukalala tena.

"Hongera," alisema Nivia.

"Bado hawajasema ndiyo," alisema Isauro.

"Watasema, ukivaa vizuri. Nionyeshe hizo za ukutani, mwanangu. Hapana, ile ya ukingo mpana iache, uso wake mwembamba, ataonekana uyoga. Na ile yenye mistari myeusi mingi ni ya mcheza ngoma, huyu hajui hata kupiga makofi. Nataka nyeupe, laini, mizunguko kumi na mitano, mistari mitatu myeusi basi. Na ukingo mbele uinuke! Siku nzima anaivaa imeshuka pande zote, kama anatoka mazishini."

"Mwenyewe anasemaje?" aliuliza Don Eudoro kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wageni waingie, na alilisema kwa ukali kidogo.

Isauro aligeuka. Kulikuwa na kitu kati ya wanaume hawa wawili, kitu ambacho Nivia alikuwa amekizoea bila kukijua, kama harufu ya nyumba ya mtu.

"Mimi nitavaa atakayoshona Nivia," alisema Isauro. "Vyovyote."

Kamba za vichwa zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kila moja na kitambaa chake cha rangi. Ya Isauro ilikuwa na kitambaa cha kijani. Nivia aliishusha, akamkalisha kwenye benchi, akaizungusha kichwani pake juu ya masikio. Nywele zake zilinukia vumbi na sabuni ya kufulia.

"Inabana hapo?"

"Hapana."

"Ikibana useme."

"Sijawahi kusema," alijibu Isauro.

Ni kweli, hakuwahi. Vidole vya Nivia vilitua nyuma ya shingo yake vikifunga fundo, na kwa muda wa pumzi mbili hakuna aliyesogea. Kisha Donya Elidia akauliza kama kahawa iko tayari.

*

Mara ya kwanza lilikuwa kosa la kweli.

Baba yake alikuwa bado hajazoea giza, na Nivia alikuwa hajalala siku nne. Alichukua kalibu ya mti nambari saba badala ya nane, akashona kofia nzima juu yake. Isauro alirudi baada ya siku tatu. Hakugomba. Alisema tu, kwa haya, kwamba labda kichwa chake kimenenepa. Nivia aliifukiza kofia kwa mvuke wa birika, akaivuta kidogokidogo kwenye kalibu, na kazi hiyo ilichukua saa nzima. Saa hiyo nzima mtu mmoja alikaa kwenye benchi akamuuliza kama amekula, kama analala, nani anambebea kuni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo tangu mama yake afariki.

Kofia ikavutwa, ikarudi kubana. Isauro naye akarudi, mara nne kiangazi kile.

Kiangazi kilichofuata, alipoipima kamba kwenye kalibu, Nivia aliikunja kwa upana wa ukucha kabla ya kushona. Alifanya hivyo mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Hakuna aliyejua. Mfumaji aliyefundishwa na Don Eudoro, ambaye kofia zake zilitulia kwenye vichwa vya watu wote wa wilaya kama ndege kwenye kiota, alikuwa na kichwa kimoja tu alichokikosea kila mwaka. Mvua zilipoanza, watu walizitundika kofia zao nzuri, na yeye alingoja Desemba, kiangazi kirudi.

Sasa alikaa na ukili mapajani akaitazama kamba ya kitambaa cha kijani. Angeweza kuikunja. Isauro angekwenda Antón na mstari wake mwekundu, angerudi Jumatatu kufukiziwa kofia, angekaa kwenye benchi lile akiwa mchumba wa mtu. Na mwaka ujao vilevile, akiwa mume wa mtu. Nivia alijiona akiwa na miaka hamsini, birika mkononi, akivuta kofia ya mume wa mtu.

Akachoka. Hakulia, alichoka tu.

Aliinyoosha kamba mpaka mwisho, akachukua kalibu nambari nane, akaanza kushona.

Alishona siku nane. Mzunguko baada ya mzunguko, kutoka utosini kwenda chini, sindano ikiingia kwenye ukingo wa ukili na kutokea upande wa pili bila kuonekana. Hakuwa amewahi kushona kofia nzuri kama hiyo. Asubuhi aliendelea kumsomea baba yake barabara, lakini kwa maneno machache, na mzee hakucheka.

Siku ya Ijumaa, kofia ikiwa tayari mezani, Don Eudoro alinyoosha mikono. "Nipe niione."

Alimpa. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingiza viganja vyote viwili ndani, akavitanua, akatulia.

"Hii ni nambari nane."

"Ndiyo, baba."

"Ni ya Isauro?"

"Ndiyo."

"Basi umemwacha aende."

Nivia, aliyekuwa akipanga vikombe, alisimama. "Ulikuwa unajua?"

"Binti yangu, nimeshona kofia miaka hamsini. Macho ndiyo yaliyokufa, mikono haijafa. Kila kiangazi ulinipa kofia ya yule bwana nikague, na kila kiangazi nikaikuta ndogo kwa ukucha mmoja. Mara ya kwanza nilidhani ni usingizi. Mara ya pili nikajua."

"Mbona hukusema?"

Mzee aliizungusha kofia mikononi. Iliwahi kuwa mikono mikubwa. Sasa ngozi ilikuwa imeilegea mifupa.

"Kaa chini."

"Nasikia nikiwa nimesimama."

"Alikuja kwangu," alisema Don Eudoro. "Kiangazi cha tatu. Wewe ulikuwa mtoni unaosha nyuzi. Alivua kofia akanipa mkononi, kwa heshima, na niliipapasa nikakuta ameinua ukingo wa mbele. Isauro, ambaye haiinui hata siku ya mtakatifu wa mji! Akaniomba nikuulize kama utamkubali."

Nje upepo ulisukuma dirisha, likagonga, likarudi.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitakuuliza. Aliporudi wiki iliyofuata nikamwambia umekataa."

Nivia alikaa.

"Alisema angehamia hapa," aliendelea mzee, kwa sauti iliyokuwa ikipungua. "Ili usiniache. Alisema ana kitanda chake, atakuja nacho kwenye lori. Hata hilo sikukuambia. Nilisema moyoni, watu husema hivyo, halafu siku moja wanajenga nyumba yao kwingine. Na mimi nitabaki na kiti hiki. Nani angenisomea barabara, Nivia? Nani angeniambia kumekucha?"

Nivia alitaka kumpigia kelele. Alizitafuta kelele hizo ndani yake, akakuta zimechoka nazo, zimekaa chini pamoja naye. Alimwona baba yake jinsi alivyokuwa: mzee aliyemwagikiwa na kahawa, anayeogopa asubuhi.

"Miaka mitatu, baba," alisema.

"Najua. Kila ukiniletea kikombe nilitaka kusema. Halafu nikanywa."

"Nipe kofia."

Akampa. Na wote wawili walisikia lori likisimama nje, breki zikilia, maji yakitikisika ndani ya tangi.

*

Isauro aliingia peke yake. Alikuwa amenawa uso kwa haraka, vumbi limebaki shingoni. Alimsalimia mzee, mzee aliitikia kwa kikohozi, akashika fimbo yake na kujikongoja kuelekea chumbani, na hakuufunga mlango.

"Dada yuko sokoni," alisema Isauro. "Ananunua kuku wa kupeleka kesho. Kasema nisichelewe."

"Iko tayari."

Akamvika mwenyewe, kama alivyozoea. Kofia ilishuka juu ya nywele zake ikakaa. Haikusukumwa wala kuvutwa. Ilikaa, na mstari mwekundu ukapotea chini yake kama haukuwahi kuwapo.

Isauro alingoja. Aliinua mkono akaigusa, akaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Nivia aliona uso wake ukibadilika, kama taa inapopungua mafuta.

"Haibani," alisema.

"Haibani."

"Hata kidogo."

"Ni nambari nane."

"Kumbe ulikuwa ukiijua nambari yangu." Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Akaivua, akaitazama ndani, zile nyuzi nyeupe zisizo na kosa. "Ni nzuri mno, Nivia. Sidhani nimewahi kushika kitu kizuri namna hii. Basi sasa sina sababu ya kukusumbua tena."

Nivia alikuwa na maneno. Yalikuwa yamejipanga kooni, yote, ya miaka sita. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Umekula?"

"Nitakula njiani." Alisita, akaegemea mwimo wa mlango. Kwa karibu, Nivia aliona jinsi macho yake yalivyokuwa mekundu kwa kuamka saa tisa kila siku tangu mwaka mpya. "Sikulaumu, ujue. Nataka ulijue hilo. Mtu akishajibiwa, amejibiwa. Mimi ndiye niliyeendelea kuja. Nilijiambia, mradi inabana, nina ruhusa. Lakini nimechoka, Nivia. Nimechoka kukaa kwenye benchi la watu kama mgonjwa asiyeumwa. Mwalimu ni mtu mwema. Nimemwona mara mbili. Ana mikono mizuri."

"Isauro..."

"Ndiyo?"

Alimtazama, naye akamtazama. Alikuwa mwanamke aliyezoea kusema kwa sindano, na sindano ilikuwa mezani.

"Njia njema," alisema Nivia.

Isauro aliinamisha kichwa. Akaivaa kofia, na kwa vidole viwili akaushusha ukingo, mbele na nyuma, pande zote, kisha akashuka ngazi.

Nivia alishika nguzo ya baraza. Maua ya njano yalikuwa yametapakaa uani, na buti za Isauro ziliyakanyaga moja moja, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika aendako. Hatua kumi mpaka langoni. Hatua nane.

"Nivia," iliita sauti ya baba yake kutoka chumbani. "Ameivaaje?"

Alitaka kusema kwa sauti ya chini, kama asubuhi zote. Sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoijua.

"Imeshuka pande zote, baba! Kama mtu aliyeambiwa hapana!"

Isauro akasimama, mkono kwenye lango.

"Na mimi sikusema hapana," alisema Nivia. Alishuka ngazi ya kwanza, na sauti haikurudi nyuma. "Sikuulizwa. Nimeambiwa leo, sasa hivi, kwamba ulikuja. Baba aliogopa. Hakuniuliza."

Isauro aligeuka polepole. Aliutazama mlango wa chumba, na humo ndani mzee alikohoa mara moja, kikohozi cha mtu anayekiri.

"Hukuulizwa," alisema Isauro.

"Sikuulizwa. Na wewe hukuwa na farasi." Alishuka ngazi ya pili, ile ambayo jua lilikuwa limekwisha ifikia, na joto likampanda kutoka nyayo. "Nilikuwa naikunja kamba. Kila kiangazi, upana wa ukucha. Nilikuwa naibana makusudi, Isauro, ili urudi."

Alivuta pumzi. Ilikuwa imebaki kauli moja tu, na hiyo haikuwahi kumtoka hata mbele ya kioo.

"Hii nimeishona sawa. Haibani popote. Na bado nataka urudi."